Raha ya Kung'oa, Raha ya Kuziba

Jino huuma zaidi usiku. Mtu akilala chali, damu huzidi kichwani, na kiini cha jino kilichovimba hakina pa kukimbilia, kwa kuwa kimefungiwa ndani ya kuta ngumu zisizotanuka. Ndiyo maana foleni ya chumba cha meno huwa ni foleni ya watu waliokesha. Katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Homa Bay, na katika ile ya Migori, hufika mapema, leso imefungwa shavuni, macho mekundu. Wamekwisha kujaribu vidonge vya dukani, karafuu, maji ya chumvi, na vitu vingine ambavyo mtu humkiria daktari peke yake, tena kwa sauti ya chini. Ombi lao huwa moja: ng'oa tu, daktari.

Nusu saa baadaye wanatoka wakiwa wameuma pamba, mdomo umepinda kwa ganzi, na kilichowakesha kimebaki kwenye kisahani cha chuma.

Ni wachache katika kazi za tiba wanaopata ujira wa namna hii. Anayetibu shinikizo la damu anaweza kumhudumia mzee mmoja miaka ishirini asiwahi kusema kazi imekwisha. Mpasuaji hufanya kazi mgonjwa akiwa hajitambui, na shukrani humfikia kesho yake kupitia kwa jamaa. Mwenye koleo la meno huyaona maumivu yakiingia mlangoni, kisha huyaona yakitoka, na muda wote huo mgonjwa yuko macho, anamkodolea kutoka umbali wa shubiri mbili. Raha yake ni ya kifundi, ile ya seremala aliyeurekebisha mlango uliokuwa ukikwama, akausukuma kwa kidole na kusikia kitasa kikiingia mahali pake.

Watafiti wamejaribu kuipima raha hiyo kwa dodoso. Mwaka 1990 Daniel Shugars na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti juu ya madaktari wa meno wa California, na dodoso lao likaja kutumika hata Korea Kusini. Kilichowaridhisha wengi kilikuwa uhusiano wao na wagonjwa na heshima ya kazi. Kilichowaudhi ni kukosa muda wao binafsi. Ni matokeo ya kuaminika, ila California si Rongo, mji wa Migori. Rongo hakuna miadi: mgonjwa hufika siku ambayo jino limemfikisha. Isitoshe, dodoso haliwezi kuuhoji mkono, na sehemu kubwa ya raha ya kazi hii imo mkononi.

Tuanze na sindano. Taya la juu halina taabu. Mfupa wake una vinyweleo, na dawa ikidungwa kando ya jino hupenya yenyewe hadi kwenye mzizi. Taya la chini, kwa nyuma, ni mfupa mnene. Dawa haipenyi, kwa hiyo daktari sharti auwahi mshipa wa fahamu kabla haujazama ndani ya mfupa. Mlango wake uko upande wa ndani wa taya, nyuma ya gego la mwisho, mahali ambapo hapaonekani hata kwa kurunzi. Daktari huweka kidole gumba kwenye ukingo wa mfupa, akapapasa mpaka akapata kibonde chake, akailekeza sindano kutoka upande wa pili wa kinywa, akaisukuma taratibu mpaka ncha iguse mfupa. Huirudisha nyuma kidogo. Huvuta bomba kuhakikisha hajaingia kwenye mshipa wa damu, ndipo aachie dawa, polepole, maana dawa inayotolewa kwa haraka nayo huuma. Baada ya dakika chache anauliza: mdomo umekufa? Mgonjwa akigusa mdomo wake wa chini na kuuona si wake tena, sindano imefika. Hapakuwa na picha ya kumwongoza. Njia hiyo ameijua kwa kuipapasa katika mamia ya vinywa, na hakuna taya mbili zilizo sawa.

Na kuna siku dawa hukataa. Jino likiwa na usaha, nyama inayolizunguka hujaa asidi, na lignokaini, dawa ya ganzi, haifanyi kazi vyema penye asidi. Asiyejua hili huongeza sindano ya pili, ya tatu, kisha hung'oa hivyo hivyo mgonjwa akipiga kelele. Mgonjwa huyo atawasimulia wajukuu wake, nao wajukuu watakikimbia chumba cha meno mpaka wazeeke. Mjuzi hufanya mawili: ama huutafuta mshipa mbali na usaha, juu zaidi, ama hutoboa jipu, huandika dawa, na kumwomba mgonjwa arudi baada ya siku kadhaa. Kumrudisha nyumbani mtu aliyelipa nauli kutoka Nyatike kunahitaji ushupavu zaidi kuliko kung'oa.

Kisha koleo. Watu wengi huamini jino huvutwa. Anayelivuta hulivunja. Kazi ya kwanza ya koleo ni kusukuma kuelekea ndani, ili midomo yake ishuke chini ya ufizi na kulikamata jino penye mzizi. Halafu jino hutikiswa: magego ya chini hupelekwa upande wa shavu na upande wa ulimi, kwa uvumilivu, mpaka tundu la mfupa litanuke na nyuzi zinazolishika zikatike. Jino la mbele la juu lina mzizi mmoja wa mviringo, na hilo unaweza kulizungusha. Gego dogo la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi miwili myembamba. Ukilizungusha utabaki na nusu yake mkononi na nusu kwenye mfupa. Mkono huhisi jino linapokubali. Hakuna kipimo cha hali hiyo. Wanaojifunza kazi huambiwa wangoje, nao hungoja, na siku moja huihisi. Ndiyo sababu daktari mwanamke mwembamba humng'oa gego mvuvi wa Mbita mwenye shingo nene bila kutokwa na jasho, huku kijana mwenye misuli akimaliza alasiri nzima akichimbua mzizi alioukata mwenyewe.

Jino likishatoka, hugeuzwageuzwa kwenye mwanga, mizizi ikahesabiwa. Mgonjwa naye huomba kuliona. Karibu wote huomba.

Kabla ya koleo hizo kufika, nchi hii ya ziwani ilikuwa na wang'oaji wake. Waluo hawakuwa wakitahiri; alama yao ya kuvuka utoto iliwekwa kinywani. Wavulana kwa wasichana waliondolewa meno sita ya mbele ya taya la chini, manne ya kukatia na chonge mbili, na kazi hiyo ilikuwa ya mjuzi aliyeitwa janak. Wazee walitoa sababu zaidi ya moja. Iliyozoeleka kusimuliwa ni ya pepopunda: taya likifunga, pengo hubaki njia ya kumpitishia mgonjwa uji na dawa. Shule, makanisa na maisha ya mijini viliisukuma desturi hiyo kando katika karne ya 20, na leo pengo hilo huonekana kwa wazee tu.

Daktari wa sasa hana sababu ya kumdharau janak. Lignokaini ilitengenezwa na Nils Löfgren kule Sweden mwaka 1943. Aliyefanya kazi bila ganzi alikuwa na silaha moja, nayo ni wepesi wa mkono. Tena aling'oa meno mazima ya vijana, yaliyoshikwa barabara na mfupa. Kwa kazi hiyo alipata heshima. Wa leo hung'oa mabovu na kupata lawama, jambo ambalo madaktari wa meno hulitania wenyewe kwa wenyewe, na lina ukweli ndani yake.

Meno ya eneo hili yana historia ndefu kuliko Waluo, Wakuria na Wasuba wote. Februari 2023 jarida la Science lilichapisha habari za Nyayanga, bonde dogo karibu na ziwa katika rasi ya Homa, ambako watafiti walifukua zana 330 za mawe na mifupa 1,776 ya wanyama, wakiwemo viboko waliochunwa. Umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Pamoja na hayo yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, binamu wa mbali wa binadamu aliyekwisha kutoweka. Mwili wote ulikwenda na udongo, magego yakabaki, kwa sababu tabaka la nje la jino ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini.

Sasa chukua kijana wa Awendo. Jino lake limeumbwa kwa tabaka lile lile, na linaweza kutoboka kabla hajamaliza kidato cha nne. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi. Uchachu ukishapita kiwango fulani, madini ya jino huanza kuyeyuka, na mate huhitaji muda kuyarudisha. Anayekunywa chai tamu mara moja huyapa mate nafasi. Anayenyonya peremende mchana kutwa hayapi. Awendo ni mji wa sukari: kiwanda cha South Nyanza, ambacho kila mtu hukiita SONY, kilianzishwa 1979, na ng'ambo ya mpaka wa kaunti, Ndhiwa, wakulima wanapeleka miwa kwa Sukari Industries. Ingekuwa rahisi kuulaumu muwa, lakini muwa unaotafunwa shambani si mkosaji mkubwa; mkosaji ni sukari iliyosafishwa, iliyotiwa kwenye soda na biskuti na kuuzwa bei nafuu kwenye kila kioski kilichojengwa jirani na lango la shule.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa mwaka 2015 ulikuta meno yaliyooza kwa asilimia 34.3 ya watu wazima na asilimia 23.9 ya watoto waliochunguzwa. Fizi zinazovuja damu zilikutwa kwa asilimia 98.1 ya watu wazima, yaani takribani kila mtu. Takwimu hizo zina ubishi wake (kiwango cha kuoza ni cha chini kuliko cha nchi nyingi tajiri), lakini kwa anayefanya kazi peke yake katika hospitali ya kaunti zina maana moja. Foleni haitakwisha.

Na hapo raha ya kung'oa huanza kumkinai mtu. Mwaka wa kwanza kila jino ni ushindi. Kufikia mwaka wa tano, ndoo ya taka inajaa meno ambayo mengi yangeweza kuokolewa kama wenyewe wangekuja miezi sita kabla. Hakuna fundi anayependa kusifiwa kwa kubomoa peke yake.

Kuziba ni kazi ya namna nyingine. Koleo hutaka uvumilivu wa dakika. Kuziba hutaka macho. Daktari huondoa sehemu laini iliyooza, akasogea kuelekea kwenye kiini, na lazima ajue pa kukomea: akiacha uozo mwingi, tundu litaendelea chini ya simenti, akichimba mno atakifikia kiini, na jino lililokuja kuokolewa litaondoka kwenye kisahani. Rangi hudanganya, kwa kuwa jino lililokuwa limeoza na kujirekebisha huwa jeusi na gumu. Kinachosema kweli ni ncha ya chombo, ikikwaruza na kutoa sauti kavu. Baada ya hapo jino hukaushwa, hutiwa simenti, na mgonjwa huambiwa aume kikaratasi cha rangi ili ionekane kama simenti imezidi. Imezidi, inapunguzwa. Anauma tena. Kazi nzima hukaa ndani ya nafasi isiyotosha punje ya mahindi.

Kwa wanaofanya kazi mbali na umeme wa kuaminika, mbinu iliyobadilisha mambo ilizaliwa jirani. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari Mholanzi aliyefanya kazi Tanzania, aliona kwamba mashine za meno za vijijini zilikuwa zimekufa kwa kukosa umeme, maji na vipuri, na kilichobaki kwa mwananchi kilikuwa koleo. Yeye na wenzake wakaanza kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono pekee na kuziba kwa simenti inayoshikamana na jino. Thailand ikaijaribu mbinu hiyo vijijini, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaiunga mkono hadharani. Leo inafundishwa hata katika nchi ambazo umeme haukatiki, kwa sababu haina mlio wa mashine, na mtoto asiyesikia mlio hulia kidogo. Mwaka 2021 simenti ya aina hiyo iliingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na kimiminiko cha fedha kinachopakwa kwenye tundu ili kulisimamisha. Kimiminiko hicho huacha doa jeusi. Mama huulizwa kwanza: doa, au sindano? Wengi huchagua doa, hasa likiwa gego la utotoni lisiloonekana mtoto anapocheka.

Tatizo la kuziba ni kwamba hakuna anayeshangilia. Aliyeng'olewa usiku wa maumivu humkumbuka daktari kwa jina na kumpelekea kuku. Aliyezibwa jino ambalo halijaanza kuuma hutoka akijiuliza kwa nini amelipa. Pengine hapa ndipo daktari wa meno hukomaa: furaha yake huhama kutoka kwenye kazi inayoonekana na mgonjwa kwenda kwenye kazi ambayo yeye peke yake ndiye anayejua imefanyika vizuri. Wengine hawahami kamwe, na si vibaya, foleni inawahitaji.

Kuna pia raha ya kusoma kinywa, ambayo haizungumzwi sana. Mtoto wa miaka minane anafungua mdomo na chonge moja haipo, au imeota imepinda na kuparuzika. Mwenye uzoefu hahitaji kuuliza mengi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki kuna imani kwamba kichanga mwenye homa na kuhara ana meno mabaya chini ya ufizi, yale ambayo Tanzania huitwa meno ya plastiki. Uvimbe wa kawaida wa chonge inayokua hukatwa kwa kisu au chuma kilichonolewa, na kinachotolewa hufanana na kijidudu cheupe, ilhali ni kijusi cha jino. Watoto wengine hufa kwa maambukizi. Wanaopona hubeba ushahidi kinywani, na kazi ya daktari siku hiyo ni kumwambia mama ukweli bila kumtia aibu, kwa kuwa nyumbani huenda ana kichanga mwingine.

Lipo la kutisha zaidi, na ndilo linalotofautisha kinywa cha ukanda huu na vya kwingine. Mtoto wa miaka mitano au sita analetwa kwa sababu magego yake yanacheza, na hayakuoza. Shavu limeanza kujaa. Asiyejua hung'oa lililolegea na kumrudisha nyumbani. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji wa Ireland Denis Burkitt aliitwa kumwona mtoto mwenye uvimbe wa taya wa namna hiyo, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya saratani ambayo sasa ina jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walikwenda kwa gari hadi kusini mwa Afrika wakiulizia ugonjwa huo hospitali kwa hospitali, na ramani yao ikafanana na ramani ya malaria. Nyanza ya ziwani imo. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini hutibika kwa dawa, hasa ukiwahiwa. Anayeusukuma ufizi kwa kidole, akasita, na kuandika barua ya rufaa ya kwenda Kisumu siku hiyo hiyo badala ya kuchukua koleo, amefanya kazi kubwa kuliko zote atakazofanya mwezi huo, na hakuna jino lililotoka. (Mambo ya taya ni ya zamani hapa. Kipande cha taya kilichopatikana na msafara wa mwanaakiolojia Louis Leakey huko Kanam, rasi ya Homa, mwaka 1932, kilikuwa na uvimbe wa mfupa kidevuni, na wataalamu wakabishana miaka mingi kama ni saratani.)

Homa Bay kinywa kilisomwa pia kwa ajili ya ugonjwa mwingine, VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa kaunti hiyo wanaishi na virusi, kiwango cha juu kuliko kaunti zote. Ni hapo pia ambapo Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakifanya kazi Homa Bay tangu miaka ya 1990, walianza mwaka 2001 kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo katika hospitali ya serikali. Kabla ya dawa kuenea, dalili za kwanza zilionekana kinywani: utando mweupe kwenye kaakaa, madoa ya zambarau, fizi zinazokufa ghafla. Madaktari wa meno wa kizazi hicho walikuwa wa kwanza kujua, mara nyingi kabla ya mgonjwa mwenyewe. Walio vijana leo huyaona mambo hayo kwa nadra, na nadra hiyo ni habari njema isiyotangazwa na mtu.

Kazi hii yote haifanywi na madaktari peke yao. Shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilianza kuchukua wanafunzi mwaka 1974. Masomo ni miaka mitano, kisha mwaka wa kazi chini ya usimamizi, na wengi wanaohitimu hubaki mijini. Anayefika vijijini zaidi ni afisa wa afya ya kinywa ya jamii, mwenye stashahada kutoka chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC. Yeye hung'oa, huziba, husafisha, na ndiye anayeonekana shuleni na mfano mkubwa wa taya la plastiki na mswaki wa urefu wa mkono, watoto wakicheka. Kaunti ya Homa Bay ina visiwa. Mkazi wa Mfangano au Remba anayeumwa jino hupiga hesabu ya mashua mpaka Mbita, nauli ya nchi kavu, chakula, na siku ya uvuvi iliyopotea, ndipo aongeze gharama ya matibabu. Afisa akienda kisiwani na mkoba wa vyombo vya mkono, hesabu hiyo yote hufutika.

Wanaoisifu kazi hii bila kutaja yanayoudhi hawajaifanya. Kiti huharibika na fundi wake yuko Nairobi. Kompresa hufa, umeme hukatika jino likiwa limefunguliwa nusu. Shingo na mgongo huanza kuuma mapema, kwa sababu kinywa hakigeuzwi upande unaotaka. Ni mwili wa daktari unaogeuka. Mshahara nao una historia: chama cha madaktari, KMPDU, ambacho jina lake kamili linawataja madaktari wa meno, kiliongoza mgomo wa siku 100 kuanzia Desemba 5, 2016 mpaka Machi 2017, ukiwa juu ya makubaliano yaliyotiwa saini 2013, mwaka ule ule ambao hospitali zilihamishiwa kaunti. Machi 2024 madaktari waligoma tena, mpaka Mei. Siku hizo chumba cha meno hufungwa, jino haligomi. Kuna wanaoondoka kwenda kufungua kliniki zao Kisumu au Nairobi, na ni vigumu kuwalaumu. Wanaobaki hutoa sababu ambazo hazifanani: mmoja wazazi, mwingine shamba, mwingine kwamba hapa huona katika mwezi mmoja magonjwa ambayo wenzake wa jijini huyasoma vitabuni. Sababu hii ya mwisho haipewi uzito unaostahili. Fundi hukaa palipo na kazi ngumu.

Zebaki, inayotumika migodini na kwenye meno, nayo inastahili maneno mawili. Wachimbaji wadogo wa Nyatike, kandokando ya mgodi wa kale wa Macalder, huichanganya na mchanga uliosagwa. Zebaki huikumbatia dhahabu, kisha huchomwa, na moshi wake humfikia aliyeketi karibu. Simenti ya fedha iliyoziba magego ya dunia kwa zaidi ya karne moja ilitegemea tabia hiyo hiyo ya zebaki, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini 2013, unawabana wote wawili, mchimbaji na daktari. Daktari ana njia rahisi zaidi ya kutokea, maana simenti nyeupe ipo. Kwa mchimbaji, hakuna aliyempa mbadala wa bei yake.

Nyuma ya chumba cha meno, pale kilipo, kuna chumba kingine kidogo chenye vumbi la plasta, ambamo mtengeneza meno bandia hufanya kazi bila kuonekana na wagonjwa. Chapa ya kinywa humwagiwa plasta, meno hupangwa kwenye nta, mgonjwa huyajaribu, kisha nta huyeyushwa kwa maji ya moto na plastiki ya waridi kupikwa mahali pake. Mteja anayemfikirisha zaidi ni mzee aliyetolewa meno sita ujanani na ambaye sasa amepoteza magego. Mfupa wa mbele wa taya lake la chini umenyauka. Meno ya juu, yakiwa yamekosa ya kugongana nayo kwa miaka hamsini, yamechomoza mbele na kushuka. Ukipanga meno sita ya saizi ya kawaida, yatagongwa na ya juu kila anapofunga mdomo, na bamba litaruka. Kwa hiyo, kabla ya kugusa nta, humuuliza: jaduong' (mzee), haya ya mbele tuyaweke, au tuiache nafasi yako? Wapo wanaotaka yawekwe, na hapo meno huchongwa mafupi na kurudishwa nyuma kidogo. Wapo wanaotaka magego tu, ya kutafunia nyama na samaki. Bamba la namna hiyo hupita nyuma ya pengo, chini ya ulimi, likiunganisha pande mbili, na kwa kuwa hapo katikati ni jembamba na ndipo linapovunjikia, hutiwa waya wa chuma kabla ya kupikwa.